Daftari la Kaunta: Usalama wa Kompyuta, Hatari na Sheria ya Data kwa Mtu wa Lamu

Nilipoichukua saiba hii, duka la kompyuta na intaneti la mtaa wa Langoni, kutoka kwa binamu yangu, alinikabidhi kompyuta tano, printa mbili, deni la umeme na daftari jeusi la kurasa mia mbili. Kompyuta nilizikagua siku ile ile. Daftari nililiacha chini ya kaunta nikidhani ni la mahesabu. Wiki ya pili akaja mzee mmoja kuprinti cheti chake cha kodi. Nikamuuliza paswedi, akanionyesha kwa kidole: "Imo mle daftarini." Nikalifungua. Kila mstari ulikuwa na jina kamili, namba ya kitambulisho, PIN ya kodi na namba ya simu, na mwishoni, kwa wino wa kijani, paswedi. Ukurasa baada ya ukurasa. Nusu ya mtaa wetu ilikuwamo, na majirani wa Mkomani, na watu wa Matondoni na Kipungani wanaokuja mjini siku za shughuli.

Binamu yangu si mwizi. Watu wenyewe ndio waliomwomba. Maneno yao nimeyasikia mara nyingi tangu hapo, hasa kwa mabibi wa rika la mama yangu: "Niandikie wewe, mwanangu. Mimi tasahau." Ni maneno ya imani, na imani hiyo ni jambo zuri. Lakini daftari lile lilikuwa likilala chini ya kaunta isiyo na droo ya kufuli, na yeyote aliyeinama kuokota kalamu angeweza kulipiga picha kwa simu. Kwenye kompyuta nako kulikuwa vivyo hivyo: folda ya mafaili yaliyopakuliwa ilijaa vitambulisho vilivyoskaniwa, vyeti vya kuzaliwa, barua za mahakama, hata matokeo ya hospitali ya mtu aliyekuja kuyaprinti akaenda zake. Mteja wa pili akikaa kiti kile aliona ya mteja wa kwanza.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma, nikiuliza, na kuitwa na nyumba za wageni zilizojikuta katika hali hiyo hiyo. Nimeona kwamba tunachanganya mambo matatu. Mtu akisikia usalama wa kompyuta hudhani ni habari ya virusi. Akisikia udhibiti wa hatari hudhani ni maneno ya mabenki. Akisikia sheria ya data hudhani inazihusu kampuni kubwa za Nairobi. Daftari lile lilikuwa na yote matatu ndani yake.

Anayetaka kuyatenganisha na aitazame nyumba ya zamani ya Kiamu. Nje kuna daka, na mabaraza yake ya mawe pande mbili, ambapo mpita njia aweza kuketi akazungumza. Ukivuka mlango wa nakshi unaingia tekani, yaani ukumbi mdogo wa kuingilia, na tekani inapinda: aliyesimama mlangoni, hata mlango ukiwa wazi, haoni kiwandani, yaani uani. Baada ya kiwanda kuna msana, yaani ukumbi mrefu, kisha msana wa pili, kisha ndani. Kila hatua, wanaoruhusiwa wanapungua. Mlango, komeo na ule mpindo wa tekani ndio usalama, yaani vitu vinavyozuia. Hodi ndiyo sheria: mtu aliyekaribishwa kunywa kahawa hana ruhusa ya kufika ndani, hata kama hakuna komeo lililomzuia. Na yule mwenye nyumba aliyeamua kipi kikae ndani na kipi kiachwe daka, ukuta upi uwe mnene na upi mwembamba, huyo alipima hatari. Babu zetu waliyajua yote matatu na mpaka wa kila moja. Sisi tunanunua komeo la bei ghali huku mali yote imetandazwa daka.

Nianze na usalama. Watu wa fani hii huugawa mafungu matatu: usiri, ukamilifu na upatikanaji. Usiri unajulikana. Ukamilifu ni taarifa kubaki kama ilivyoandikwa. Tarakimu moja ikibadilishwa kwenye orodha ya basari, fedha za mtoto wa Faza zinakwenda kwa mwingine, na hakuna faili lililopotea. Upatikanaji ni kuipata taarifa unapoihitaji. Julai 2023 kundi lililojiita Anonymous Sudan liliishambulia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa kuifurika maombi ya uongo hadi ikashindwa kuwajibu watu wa kweli. Halikuhitaji paswedi ya mtu. Liliuziba mlango kwa msongamano tu. Wageni waliokuwa wakiomba viza mtandaoni walikwama hadi serikali ikasema watapewa wakishafika. Kwa mji unaokula kwa wageni, hilo si jambo la mbali.

Lakini mashambulizi mengi yanayotufikia huku hayazibi wala hayavunji chochote. Yanabisha hodi kwa sauti ya mtu unayemjua. Ujumbe unakuja kutoka namba ya shemeji yako: "Samahani, nimekutumia tarakimu sita kimakosa, nirudishie." Tarakimu zile si za shemeji. Ni ufunguo ambao WhatsApp imekutumia wewe, kwa sababu wakati ule ule kuna mtu anaandikisha namba yako kwenye simu yake. Shemeji mwenyewe amekwisha kunyang'anywa akaunti yake, na sasa ni zamu yako. Ukizituma, wewe unatolewa, yeye anaingia, na makundi yako yote anayo.

Jirani yangu alinyang'anywa hivyo asubuhi ya msiba. Yeye ndiye mweka hazina wa ukoo, na kundi lilikuwa likichangisha gharama za mazishi na za boti ya kuwavusha jamaa kutoka Mokowe. Mwizi akaandika kwa jina lake: "Michango yote itumwe namba hii." Watu wakatuma, maana nani atamhoji mweka hazina siku ya msiba? Aliyeshtuka ni mpwa wake aliye Malindi. Aliona kwamba ujumbe haukuanza kwa salamu, na mjomba wake hajapata kuandika neno bila kusalimu kwanza. Alipompigia simu ya kawaida ndipo ukweli ukajulikana. Dawa ya wizi huu ipo ndani ya WhatsApp yenyewe, kwenye mipangilio, panapoandikwa uthibitishaji wa hatua mbili: unajiwekea namba yako ya siri ya tarakimu sita, na mwizi akipata ule ufunguo wa kwanza bado atadaiwa wa pili. Ni kazi ya dakika mbili, na ni watu wachache mno kati ya wanaokaa kwenye viti vyangu waliokwisha kuifanya.

Kuhusu paswedi nitasema machache. Urefu ni bora kuliko alama za ajabu. Maneno manne yasiyohusiana ni magumu kukisiwa kuliko jina la mtoto na mwaka aliozaliwa. Na usitumie moja mahali pawili, kwa sababu ikivuja huku wezi huijaribu kule.

Sasa hatari. Nahodha wa boti ya Pate hapiti Mkanda maji yakiwa yamekupwa. Mkondo ule wa mikoko utamkwamisha. Anangoja maji yajae, au anazunguka kwa nje kama kusi haijaichafua bahari. Hapigi ramli. Anajiuliza mawili tu: jambo baya lina uwezekano gani wa kutokea, na likitokea litaumiza kiasi gani. Udhibiti wa hatari ni maswali hayo mawili, yakiulizwa juu ya kila taarifa uliyonayo, kabla ya kutoa shilingi moja ya kununua programu.

Niliitwa na nyumba ya wageni huko Shela kwa sababu kompyuta yao ilikuwa nzito. Nikiwa pale nikaona wafanyakazi wana kundi la WhatsApp, na kila mgeni akifika pasipoti yake inapigwa picha na kutupwa kundini ili aliye zamu aandike kitabu cha wageni. Picha za miaka. Walioacha kazi zamani bado wamo kundini, na simu ya mmoja wao ilikuwa imepotea gatini Mokowe. Mwenye nyumba aliponiuliza anunue kizuia virusi gani, nilimwambia aiache kompyuta kwanza tuketi tuongee.

Mbele ya hatari mtu ana njia nne, na pale Shela tulizitumia zote. Njia ya kwanza ni kuiepuka: pasipoti itazamwe, namba iandikwe kama lazima, picha isipigwe kabisa. Ya pili ni kuipunguza. Walioacha kazi wakaondolewa kundini, picha za zamani zikafutwa simu moja baada ya nyingine mbele yetu, na orodha iliyobaki ikawekwa kwenye kompyuta moja ambayo diski yake imesimbwa, yaani maandishi yake yamegeuzwa fumbo lisilosomeka bila ufunguo, hivi kwamba mwizi akiibeba atapata chuma tu. Ya tatu ni kuihamisha: namba za kadi za benki, walizokuwa wakiziandika kwenye kitabu, walizihamishia kwa kampuni inayopokea malipo, iliyo na ulinzi ambao wao hawawezi kuujenga. Ya nne ni kuikubali: jina la kwanza la mgeni kwenye ubao wa kifungua kinywa liliachwa lilivyo, kwa kuwa madhara yake ni madogo. Kuikubali hatari nako ni uamuzi, mradi uwe umeipima.

Katika hizo nne mimi naiweka ya kwanza mbele ya zote. Watu hunitazama kwa mashaka nikiwaambia kwamba ulinzi wa bei rahisi kuliko wote ni kutokusanya. Tumezoea kudhani kwamba kuwa na nakala ya kila kitu ni umakini. Nakala ya kitambulisho cha mtu ambayo huihitaji ni mzigo uliobebeshwa bila kulipwa, na siku ukiuangusha unalipa wewe.

Yale unayoyahitaji kweli, yawekee bakap, yaani nakala za akiba. Kanuni yake ni nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali na jengo. Hapa kwetu chumvi ya bahari inazila diski kimya kimya, kwa hiyo hiyo ya mbali si anasa. Na iko programu ya kijambazi inayoyafunga mafaili yako yote na kudai fidia ili iyafungue; mwenye nakala safi mahali pengine, isiyounganishwa na kompyuta ile, hana haja ya kujadiliana na mtu.

Kwenye sheria, zipo mbili zinazochanganywa kila siku. Ya mwaka 2018, ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni, inamwandama anayevunja. Kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini ni faini isiyozidi shilingi 5,000,000 au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Ndani yake kuna kifungu cha 35 ambacho natamani kingesomwa vijiweni: anayezuia kwa makusudi ujumbe au malipo ya kielektroniki yaliyomfikia kimakosa anatenda kosa, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 200,000 au miaka miwili. Pesa iliyokuja simuni kwako kwa sababu mtu alikosea tarakimu, wapo wanaoiita rizki. Si rizki, ni ya mwenyewe.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaangalia upande wa pili. Yenyewe inamshika aliyeaminiwa. Mzizi wake ni Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010, kinachompa kila mtu haki ya faragha, na humo imo haki ya kutodaiwa bila sababu, wala kufichuliwa bila sababu, habari za familia yake na mambo yake binafsi. Tazama mpangilio huo: Katiba imelitaja la kudai kabla ya la kufichua. Kwa hiyo kosa laweza kuanza pale ulipouliza usichokihitaji, hata kama hakijaibwa kamwe.

Sheria hii ina watu watatu. Mhusika ni yule ambaye habari ni zake. Mdhibiti ni anayeamua habari zichukuliwe kwa ajili gani na kwa njia gani. Mchakataji anazishughulikia kwa niaba ya mdhibiti. Nyumba ya wageni ikiniletea orodha ya wageni niichape, wao ni wadhibiti na mimi ni mchakataji. Nikiwafungulia watu akaunti na kuwawekea paswedi kwenye daftari langu mwenyewe, mimi ndiye mdhibiti, na jukumu ni langu. Mambo ya nyumbani yamesamehewa: kundi la ukoo la kuchangia msiba halihusiki na sheria hii, maana hayo ni mambo binafsi ya familia.

Kosa ninalolisikia sana ni kwamba sheria inataka idhini ya mtu kwa kila kitu. Siyo. Idhini ni sababu moja kati ya kadhaa. Zipo pia mkataba, wajibu wa kisheria, kuokoa maisha na nyinginezo. Mgeni aliyelipia chumba humwombi idhini ya kuandika jina lake. Ila ukitaka kuibandika picha yake mtandaoni kuvutia wateja, hilo halimo katika mkataba wa chumba. Kuna pia habari zinazohitaji uangalifu zaidi: afya, imani, alama za vidole, ndoa, mali, hata majina ya watoto na wazazi. Daftari langu lilikuwa na baadhi ya hayo.

Msimamizi ni Kamishna wa Data, na wa kwanza ni Immaculate Kassait, aliyeapishwa Novemba 2020. Usajili wa wadhibiti na wachakataji ulianza Julai 2022. Biashara yenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya kumi imesamehewa kujisajili, isipokuwa iwe katika shughuli zilizotajwa, na humo zimo hoteli na nyumba za wageni, shule, huduma za afya, uuzaji wa ardhi na usafirishaji. Waongozaji watalii wametolewa. Kwa hiyo hata nyumba ya vyumba vinne iliyoko kichochoroni inatakiwa isajiliwe. Na aliyesamehewa usajili, kama mimi, hakusamehewa sheria.

Je, ina meno? Septemba 2023 Kamishna alitoza adhabu tatu kwa pamoja. Shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi; kampuni ya mikopo ya simu shilingi 2,975,000 kwa kutumia namba za watu zilizotolewa na wengine; na klabu ya starehe shilingi 1,850,000 kwa kuibandika mtandaoni picha ya mteja wake. Mpaka wa adhabu ya namna hiyo ni shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, ile iliyo ndogo. Hilo la shule naliwaza kila msimu wa Maulidi, nikiona picha za watoto wa madrasa zikisambazwa na kurasa za biashara zinazouza safari. Watoto wale wana wazazi, na kuwauliza ni jambo la dakika moja.

Serikali nayo imo ndani ya sheria hiyo. Oktoba 2021 Mahakama Kuu iliamua kwamba kadi ya Huduma ilitolewa kinyume cha sheria, kwa sababu tathmini ya athari kwa data za watu haikufanywa kwanza. Kwa watu wa pwani, ambao wamezoea kuhojiwa zaidi kuliko wengine wanapotaka kitambulisho, uamuzi huo si jambo dogo.

Na data ikivuja? Mchakataji anapaswa kumwambia mdhibiti ndani ya saa 48 tangu ajue. Mdhibiti, kama kuna hatari ya kweli ya mhusika kudhurika, amwambie Kamishna ndani ya saa 72 na amjulishe mhusika kwa maandishi. Lakini ikiwa data ilikuwa imelindwa ipasavyo, mathalani kwa kusimbwa, si lazima kumjulisha mhusika. Hapo ndipo mambo matatu yanapokutana: komeo zuri linapunguza hatari, na hatari ikipungua wajibu nao unapungua. Aliyedhurika anaweza kulalamika kwa Kamishna hata kwa mdomo, bila wakili, na lalamiko linatakiwa liamuliwe ndani ya siku 90. Anaweza pia kudai fidia.

Nakuomba jambo moja zaidi kama umetapeliwa: usifute. Watu hufuta kwa aibu, kisha wanakuja na picha ya skrini waliyotumiwa na mtu mwingine. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka ushahidi wa kielektroniki uambatane na cheti kinachoeleza rekodi ni ipi, ilipatikanaje na kwa kifaa gani. Simu yenyewe, ikiwa na ujumbe wenyewe, ndiyo ya kwenda nayo polisi.

Daftari lile sikulichoma siku ile, ingawa nilitamani. Ningelichoma, wenye akaunti wangefungiwa nje ya mambo yao. Nilianza kuwapigia mmoja mmoja. Wanakuja, tunakaa, wanabadilisha paswedi kwenye simu zao wenyewe mimi nikiwa nimegeuza uso, na asiyeweza kukumbuka anaiandika kwenye karatasi yake na kuitia kashani kwake. Karatasi iliyo kashani Lamu mwizi wa mtandaoni hawezi kuifikia. Yule mzee wa cheti cha kodi aliiandika yake kwa herufi za Kiarabu, pole pole, kwenye kijitabu anachokiweka mfukoni mwa kanzu. Zimebaki kurasa nne za watu ambao namba zao hazipatikani. Paswedi zao nimezifuta kwa wino mzito na majina nimeyaacha, ili wakija niwatambue.